Ncha za Nywele za Dani

Wiki iliyopita nilikaa kwenye kiti cha saluni moja ya kifahari, msichana akanipaka kitu kilichotoka kwenye kopo lenye maandishi mengi. Kopo lilijisifu kwa herufi ndogondogo, lakini pua yangu haikudanganyika. Ilikuwa avokado na yai. Nilifumba macho, na msichana akadhani nasikia raha. Kumbe nilikuwa nimerudi Kaloleni, Kisumu, nina miaka tisa, nimesimama nyuma ya nyanya yangu na rula ya shule mkononi.

Mama yangu alikuwa na saluni Kondele, chumba kimoja cha mabati chenye kioo kikubwa, viti viwili na mashine moja ya mvuke iliyokuwa ikilia ikichoka. Alikuwa Mkristo siku ya Jumapili na msusi siku sita zilizobaki, na amri za ususi alizishika kwa ukali zaidi. Amri zenyewe zilikuwa mbili. Kila baada ya wiki mbili, nywele zilishwe. Kila baada ya wiki nane, ncha zikatwe, zitake zisitake.

Amri ya pili ndiyo iliyomletea ugomvi. Mteja alikuwa akitoka mbali, ameketi, amefungwa taulo shingoni, kisha anaona mkasi kwenye kioo na kuruka.

"Wewe Mama Akinyi, mimi nimekuja nywele ikuwe ndefu, na wewe unataka kukata?"

"Nakata kile kimeharibika. Ukiacha, itapasuka mpaka juu, alafu itakatika yenyewe. Utachagua mimi ama utachagua kitana?"

Wengi walimchagua yeye, huku wamenuna. Mimi ndiye Akinyi wa jina hilo. Baada ya shule nilifagia nywele, nikaponda avokado kwa uma hadi lisibaki bonge, nikapasua mayai. Nilijifunza kuitambua ncha iliyopasuka kwa kuinua unywele mmoja mbele ya dirisha. Nilijiona daktari kamili, na bahati mbaya hakuna aliyenikatalia.

Mwaka huo babu yangu alilazwa hospitalini Kisumu kwa ajili ya moyo. Dani, ndivyo tulivyomwita nyanya, alitoka kwao Nyakach akaja kukaa nasi ili awe karibu naye. Baba alikuwa akifanya kazi Eldoret na kuja nyumbani mwisho wa mwezi, kwa hiyo nyumba ilikuwa yetu wanawake watatu. Kila asubuhi Dani alimimina uji kwenye chupa ya chai, akafunga kitambaa chake cha kichwa, akaenda kuketi kando ya kitanda cha mumewe mpaka jioni.

Nywele za Dani zilikuwa na sifa huko kwao. Wanawake wa rika lake wengi hunyoa tu, wakapumzika. Yeye alikuwa nazo hadi mabegani, akizifunga kwa uzi mweusi, na Babu alizoea kusema kwamba aliziona nywele kwanza kanisani, uso ukafuata baadaye. Lakini baada ya wiki sita za kitambaa na hospitali, mama alizifungua siku ya Jumamosi. Zilikuwa zimeshikana kama katani. Ncha zilikuwa nyekundu, zimepasuka, zinabaki mikononi zikiguswa.

Tulizilisha mchana kutwa. Avokado mbili, mayai mawili, mafuta kidogo, mfuko wa plastiki kichwani, kisha mvuke. Dani alisinzia chini ya mashine mdomo wazi. Zilipooshwa zikachanwa, zilikuwa laini, ila zile ncha hazikuwa na dawa tena.

"Mama, hapa chini nitatoa vidole nne," mama alisema.

Dani alishtuka. "Hapana, Nyar Ugenya. Usiguse." Nyar Ugenya ni binti wa Ugenya, kwetu mwanamke aliyeolewa huitwa kwa alikotoka, na Dani hakuwahi kumwita mama yangu jina lingine.

"Itakatika tu, Mama."

"Wacha ikatike. Si sasa. Mzee ni mgonjwa."

Sikuelewa ugonjwa wa mzee ulihusiana vipi na ncha za nywele, lakini nililiona pengo la mtaalamu nikaliingia. Nilichukua unywele mmoja, nikauinua dirishani. "Dani, angalia. Imekuwa mbili. Kesho itakuwa nne." Hilo la nne nililitunga papo hapo. Nikamwahidi kwamba zikikatwa zitaota haraka, na Babu akitoka hospitalini atazikuta ndefu kuliko alivyoziacha. Dani alinitazama, akacheka. "Haya basi. Daktari amesema." Mama akakata vidole vinne.

Siku mbili baadaye, shule zikiwa zimefungwa, nilimsindikiza Dani nyumbani kwake Nyakach kuchukua nguo na kuangalia kuku. Tulishuka Katito siku ya soko. Jua lilikuwa kali, na Dani, nadhani kwa sababu ya joto lakini zaidi kwa maringo, alikuwa amekivua kitambaa na kukitia mkobani. Nywele zake ziling'aa. Ziliishia chini kidogo ya masikio.

Mama Atieno, jirani yake aliyeuza omena karibu na barabara, alisimama alipotuona. Bakuli la kupimia lilibaki mkononi.

"Yawa, Mama. Mzee ameenda?"

"Hajaenda popote. Jana amekula samaki."

"Sasa mbona umekatwa nywele?"

Dani alieleza: mvuke, ncha, kupasuka. Kadiri alivyoeleza ndivyo wanawake wengine walivyozidi kusogea. Siku nyingine yoyote asingeulizwa hata swali moja. Lakini mumewe alikuwa kitandani hospitalini, na kila mtu pale alijua nywele za mke hukatwa lini. Mume akishazikwa, mjane hunyolewa. Siku hizi watu wa kanisa hawanyoi zote. Hukatwa kiasi tu, kama alama, watu wakasali, basi. Na kiasi hicho ni kama vidole vinne.

"Ni nani amekata?" aliuliza mama mmoja.

"Mke wa kijana wangu."

"Nyar Ugenya?" Mama Atieno alishika kiuno. "Mke wa mtoto amekata wewe nywele na mzee bado anapumua? Hiyo si saluni. Hiyo ni kuita kaburi."

Dani alitoa kitambaa mkobani akakifunga mbele yao. Alikifunga kwa nguvu mpaka ngozi ya kipaji ikavutika. Njia yote hadi nyumbani hakunilaumu, na ningependa angenilaumu. Nilijua aliyemshawishi ni nani.

Mtoto wa miaka tisa akipewa sababu hairudishi. Mpaka hapo ugonjwa wa Babu ulikuwa kitu cha watu wakubwa, maneno ya Kiingereza ya daktari na vidonge kwenye bahasha. Sasa nilijua kinachomuua. Vilikuwa vidole vinne vya nywele, na mimi ndiye niliyeviondoa kwa kusema unywele utakuwa nne. Hesabu yangu ilikuwa rahisi. Nywele zikirudi zilipokuwa, Babu atapona. Zikipungua tena, hatapona. Sikumwambia mtu yeyote, kwa sababu niliogopa wangekubaliana nami.

Tuliporudi Kaloleni, Babu alikuwa ameruhusiwa kutoka. Daktari alimtaka akae mjini karibu na kliniki, hivyo akawekewa kitanda sebuleni na kiti cha mbao mlangoni, mahali pa kuona watu wakipita. Alikuwa fundi wa baiskeli kabla moyo haujamchosha, na hata sasa baiskeli ikipita alitega sikio na kutangaza ugonjwa wake. "Hiyo mnyororo imekauka. Hiyo nyingine, gurudumu ya nyuma haiko sawa." Kwa miguu yake mwenyewe iliyovimba hakuwa na maoni.

Nilianza kazi. Kila jioni nilimketisha Dani kwenye kigoda na kupima nywele zake kwa rula, sehemu tatu, kisogoni na kila upande. Mama alishaniambia kwamba nywele huota kama upana wa ukucha kwa mwezi. Hiyo ilikuwa polepole mno kwa mtu mwenye haraka kama yangu. Basi badala ya kuzilisha kila wiki mbili, nikawa nazilisha kila siku mbili. Avokado zilikuwa nyingi msimu ule. Mayai niliyatoa jikoni, na avokado zilipopungua niliongeza mayai.

Dani alinivumilia. Nadhani alipenda kuguswa kichwa baada ya siku zile ndefu, na pengine alijua zaidi ya nilivyodhani. "Leo daktari anasema nini?" alikuwa akiuliza. Nami nilisoma rula kwa sauti ya hospitali. Babu kutoka kitini alisema, "Mwambie na yangu apime," akipapasa kipara chake.

Baada ya mwezi na nusu rula ilianza kunisaliti. Upande wa kushoto nywele zilikuwa fupi kuliko mwanzo. Niliongeza yai. Wiki iliyofuata zilikuwa ngumu kama majani makavu, zikivunjika nilipozichana. Mama aliingia akanikuta na vipande mkononi, akavichukua, akavikunja kati ya vidole vikakatika.

"Umeweka mayai ngapi?"

Nilimwambia.

"Yai ikizidi, nywele inakakamaa. Nywele inashiba kama mtu, Akinyi. Unamlisha mtu mpaka anatapika?" Hakuwa na hasira sana. Alihesabu wiki kwa vidole. "Hata hivyo wiki nane imefika. Jumamosi nitatoa hiyo yote imeharibika."

Jumamosi Dani alikataa. Alisema Katito wamesema, na hata kama ni upuzi, yeye si wa kucheza na upuzi mume akiwa kitini. Mama alisimama na taulo mkononi, na nilimwona usoni jambo ambalo sikuwahi kuliona akiwa na wateja. Alikuwa na hofu. Ile habari ya soko ilikuwa imemfikia, na alijua kwamba Babu akifa, kifo hicho huko nyumbani kitakuwa na jina lake. Nilidhani ni mimi peke yangu niliyebeba jambo lile. Hata sasa sijui kwa nini sikuuona mzigo wake.

Ni Babu aliyekata shauri. "Kata," alisema kutoka mlangoni. "Nywele ni ya bibi yangu, na mimi ndiye naangalia. Mama Atieno haniangalii. Kata nione."

Mama alikata. Dani alifumba macho. Watu wote walitazama nywele, isipokuwa mimi, niliyemtazama Babu. Nilihesabu pumzi zake. Kila mkasi ulipolia, nilisubiri kifua kiinuke tena, na kila mara kiliinuka, na mara moja alinikonyeza. Alikunywa chai yake. Nilianza kuamini nimekosea.

Kesho yake asubuhi hakuweza kupumua. Tulimpeleka hospitalini kwa gari la jirani, akiwa ameegemea bega la Dani, midomo imebadilika rangi. Alirudishwa baada ya siku tano. Daktari aliuliza amekula nini, ikajulikana kwamba Jumamosi hiyohiyo mgeni alimletea samaki wa chumvi naye akawala wote kwa siri. Watu wazima waliridhika na samaki. Mimi sikuridhika.

Ndipo nilipouficha mkasi. Ulikuwa ule wa vishikio vyeusi, ambao mama aliutumia kwa ncha tu na hakuruhusu ukate hata uzi. Niliutoa saluni ndani ya soksi, nikaufukia nyuma ya gunia la makaa nje ya jiko letu. Mama aliuliza mara moja, "Mkasi yangu iko wapi?" Nikasema sijui. Hakuuliza tena, nami nikashukuru Mungu kwa mama msahaulifu.

Wiki nane zilifika zikapita. Mama hakumwita Dani kitini. Alizilisha nywele zake kila baada ya wiki mbili, kwa kipimo, zikawa laini tena na kuota vizuri, lakini habari ya ncha haikutajwa. Wiki ya tisa. Wiki ya kumi. Ncha zilianza kupasuka, niliziona dirishani, na kwa mara ya kwanza maishani nilifurahi kuziona. Acha zipasuke. Babu alikuwa anatembea hadi kwenye bomba na kurudi. Alimtengenezea mtoto wa jirani breki za baiskeli akiwa ameketi. Alikula ugali mwenyewe bila kusaidiwa. Zilikuwa wiki tano za furaha kamili, ya mtu anayeshikilia kitu kizito na kuona kwamba kinashikika. Nililala vizuri.

Alikufa wiki ya kumi na tatu, alasiri moja ya Jumanne, kitini mlangoni. Nilikuwa nimetoka shule. Dani alikuwa akianua nguo, akamwambia jambo bila kugeuka, akarudia, kisha akageuka. Hakupiga kelele mara moja. Alikunja kwanza shati lililokuwa mkononi mwake, akaliweka juu ya meza.

Nilikwenda nyuma ya jiko nikachungulia makaa. Mkasi ulikuwa pale pale ndani ya soksi. Niliutazama nikashindwa kulia, kwa sababu kilichonijaa si huzuni. Nilikuwa nimefanya kila kitu sawasawa. Huzuni ilikuja baadaye, ikakaa sana, lakini jambo la kwanza nililolihisi babu yangu alipokufa lilikuwa kudhulumiwa.

Tulimzika nyumbani. Siku kadhaa baada ya mazishi, mjane mmoja mzee alikuja na wembe, wanawake wakakaa, na Dani akatoa kitambaa. Watu wa kanisa walisema kidogo kinatosha. Dani akasema yeye anataka zote. Zilikuwa zimefika shingoni. Nilitazama zikianguka kwenye khanga, nyeusi, nzito, na zote zimepasuka ncha. Mama alisimama nyuma kabisa, karibu na mlango, mikono kifuani. Msusi pekee katika nyumba ile, na hakuna aliyemwomba ashike hata kitana.

Ilipokwisha, Dani aliinua kichwa chake kipya, kidogo kuliko nilivyodhani, akatafuta kwa macho. "Nyar Ugenya," aliita, "kuja unipake mafuta. Wewe ndiye unajua kichwa yangu." Mama Atieno alikuwa ameketi hapo hapo. Alisogea, akampisha. Mama akapita katikati ya wanawake wote, akapiga magoti, akampaka mafuta polepole, kuanzia kipaji hadi kisogoni.

Jioni ile nilimkuta mama nyuma ya nyumba akisuuza taulo. Nilikuwa nimebeba siri yangu miezi mitatu na sikuwa na nafasi tena ya kuiweka.

"Mama, ule mkasi niliuficha mimi. Ili usikate Dani. Ili Babu asikufe."

Hakugeuka. Alikamua taulo, akalikung'uta, akalitandaza kwenye kamba na kunyoosha pembe zake moja moja.

"Akinyi," alisema, "kwani saluni yangu iko na mkasi moja?"

Mingine mitatu ilikuwa imening'inia kwenye misumari kando ya kioo. Wiki zote zile alikuwa akiitumia, asubuhi hadi jioni, kuwakata ncha wateja wengine wote.